Shanga za Karatasi na Kadi za Mgomba: Tuhesabu na Jasho Letu

Kikundi kimoja cha akina mama tunachokitembelea kilikuwa karibu kuvunjika, na si kwa kukosa kazi. Walitengeneza bangili za shanga za karatasi, wakaziuza shilingi 50 kila moja, na watu walinunua. Lakini mwisho wa mwezi hakuna aliyeona pesa. Mama mmoja akasema wazi mkutanoni, "Afadhali nikapalilie shamba la mtu, jioni narudi na unga." Hatukuweza kumbishia. Tulikaa nao chini tukaanza upya, kutoka karatasi hadi bei.

Kwa shanga, tafuteni kalenda za zamani na magazeti yenye karatasi ngumu ya kung'aa. Gazeti la kila siku ni laini mno. Kateni pembetatu ndefu, sentimita 2 kwenye kitako na sentimita 25 au 30 hadi nchani. Anzeni kukunja upande mpana, mkizungushia spoku ya baiskeli au sindano ya kufumia, na mvute kidogo isilegee. Gundi ipakwe nusu ya mwisho tu. Mkiipaka tangu mwanzo, shanga itang'ang'ania spoku na hamtaitoa nzima.

Penye shida kubwa ni vanishi. Kikundi hiki kilimpa mwenye duka mmoja mjini bangili 60, alipe akishauza. Akarudisha 40, zimegandana kama peremende zilizopigwa na jua. Ilikuwa Julai, baridi na ukungu, na shanga zilikuwa zimekaushwa usiku mmoja tu kabla ya kupangwa kwenye boksi. Sisi ndio tuliowahimiza waharakishe, kwa hiyo lawama ile haikuwa yao peke yao. Siku hizi shanga zinatungwa kwenye uzi wa kuvulia samaki zisigusane, zinachovywa, zinaanikwa kivulini penye upepo siku nzima, kisha zinachovywa tena na kuachwa siku mbili au tatu. Wakati wa baridi, hata wiki. Bonyezeni kwa ukucha: alama ikibaki, bado. Kazi hii ifanyiwe nje, maana harufu ya vanishi si nzuri kwa kifua, na mama mwenye mtoto mgongoni apewe kazi nyingine.

Kadi ni rahisi zaidi. Mgomba ukishazaa mkungu wake hukatwa, na maganda makavu ya shina lake yana rangi nyingi, kuanzia ya maziwa hadi kahawia nzito. Yapanguseni kwa kitambaa chenye maji, myalaze chini ya kitu kizito mpaka yakauke kabisa, la sivyo yataota ukungu ndani ya bahasha. Kateni umbo la mama na mtungi, kibanda, ndege, mkabandike kwenye manila kwa gundi kidogo. Na jamani, nunueni bahasha kwanza ndipo mkate kadi! Tumeona kadi nzuri sana zisizoingia bahasha yoyote. Manila ya ukubwa wa A1 hutoa vipande 16 vya A5, na kila kipande kikikunjwa mara moja huingia vizuri kwenye bahasha ya C6.

Sasa bei. Bangili moja ilikula shanga 20 hivi, na ukihesabu kukata, kukunja, kuchovya na kutunga, ni zaidi ya saa moja. Uzi, gundi, vanishi na ndoano ya kufungia vilifika shilingi 35. Aliyetoka jasho alibaki na 15, kabla ya nauli. Wote walikuwa wakisema, "Lakini karatasi ni ya bure." Hilo neno bure ndilo lililowapoteza. Ndoano ya dukani wakaibadilisha na kifungo cha shati kuukuu, gharama ikashuka hadi 25, na bei wakaipandisha ikawa 120. Wateja wengine walinung'unika wakaenda zao. Zinauzwa chache kuliko zamani, ila yule mama wa unga bado yuko kikundini.

Katika mkutano wenu ujao, leteni kitu kimoja mnachouza, saa, na risiti zote. Mmoja akitengeneze tangu mwanzo huku wengine wakipima muda. Kisha jadilianeni: hapa kwetu, kibarua angelipwa ngapi kwa muda huo? Na kama bei yetu haifiki hapo, tupandishe, tupunguze gharama, ama tuache bangili tufanye kitu kingine?