JE, DARASA ZIMA LAWEZA KUCHAPWA KWA KOSA LA MMOJA?

Kioo cha dirisha kimevunjika. Mwalimu auliza ni nani. Darasa lakaa kimya. Ndipo wote huchapwa, mwenye kosa na asiye na kosa. Mzazi wa Kiboriloni, sawa na mzazi wa Tabora au Songea, yampasa kujua kama sheria yaruhusu jambo hili.

Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002, zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, hazitaji adhabu ya darasa zima. Lakini zaagiza mambo manne. Kwanza, kiboko ni kwa kosa kubwa tu. Pili, adhabu ipimwe kwa uzito wa kosa, umri, jinsia na afya ya mwanafunzi, wala isizidi viboko 4. Tatu, achapaye ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyepewa idhini yake kwa maandishi. Nne, kila adhabu iandikwe kitabuni: jina la mwanafunzi, kosa lake, idadi ya viboko, na jina la mwalimu.

Tulitazame hilo la nne. Watoto 50 wakichapwa, hapana budi yaandikwe majina 50, na kando ya kila jina kosa. Kwa aliyevunja kioo liko la kuandika. Kwa wale 49 je? Akiandika kwamba wamevunja kioo, ameandika uongo. Akiandika kwamba wameficha, yampasa ajue kwanza nani aliona na nani hakuona.

Wako wasemao, “Nisipowachapa wote, mkosaji hatatajwa.” Hiyo basi si adhabu, ni njia ya kupeleleza, na kanuni hazikutoa kiboko hata kimoja kwa upelelezi. Methali ya samaki mmoja akioza ni ya tenga la samaki, si ya darasa. Tena Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yasema adhabu haina uhalali ikiwa mtoto hawezi kuelewa kusudi lake. Asiye na kosa ataelewa nini, ila kwamba kutokosa hakuna faida?

Kuwaambia wote wafagie vigae si kosa. Hiyo ni kazi ya pamoja.

Wazazi, msimtukane mwalimu mbele ya mtoto. Nendeni kwa mkuu wa shule, mkaulize kwa adabu: katika kitabu, kando ya jina la mwanangu, limeandikwa kosa gani?