Dondoo Muhimu: Kuandika Tepu za Kusambazia Programu

Opereta wa kompyuta kuu ya IBM, ambaye tepu yake ya futi 2400 ingesomwa na mtu asiyemjua katika mji wa mbali, zamani alishauriwa hivi:

1. Safisha vichwa vya mashine ya tepu kwa spiriti. Vumbi dogo hufisidi herufi nyingi.
2. Tia pete ya plastiki nyuma ya gurudumu la tepu, kwani bila pete mashine haiandiki kamwe. Nawe ukisha kuandika iondoe papo hapo, maana wengi huisahau, na kazi ya usiku kucha ikafutwa kwa amri moja.
3. Mwulize kwanza mpokeaji msongamano anaoweza kuusoma: herufi 800, 1600 au 6250 kwa inchi.
4. Ukisha kuandika, isome tena tepu yote, ikiwezekana kwa mashine nyingine.
5. Bandika lebo yenye namba ile ile iliyoandikwa ndani ya tepu.