Ndevu Katika Sinki: Jambo Dogo Linaloleta Ubaridi Nyumbani



Si kila ubaridi katika ndoa huanza na ulevi au ugomvi wa fedha. Mwingine huanza na jambo dogo linalorudiwa kila siku bila mtu kulisema. Leo tutazame moja la namna hiyo: ndevu ambazo mume huziacha katika sinki baada ya kunyoa. Huenda wengine wenu wakacheka. Lakini mama anayeingia bafuni kuwanawisha watoto, akakuta sinki imejaa vinywele vyeusi na povu lililokauka, yeye hacheki.

Kwa nini jambo hili huudhi?

Tuseme bwana ananyoa saa kumi na mbili asubuhi. Anajipangusa uso, anavaa shati, anakimbilia matatu. Mke anaingia nyuma yake. Siku ya kwanza anapangusa sinki kwa moyo mweupe. Siku ya kumi anapangusa akinung'unika. Kufika mwezi wa tatu anasema moyoni, "Huyu ameniona mimi mtumishi wake." Bwana naye hana habari. Kwake yeye sinki huwa safi kila asubuhi, wala hajajiuliza ni nani anayeisafisha.

Hapo ndipo penye ugonjwa. Kinachomuumiza mke si ndevu zenyewe. Ni kufanya kazi ambayo mwenzake haioni. Siku ya arusi hakuna padre aliyewauliza nani atapangusa sinki, lakini katika mambo kama hayo ndipo mume na mke huonyeshana heshima kila siku.

Nywele hufanya nini ndani ya bomba?

Jambo hili lina hasara ya fedha pia. Nywele haziyeyuki katika maji, wala haziozi upesi. Zimefanywa kwa keratini, ambayo ndiyo iliyo katika kucha zetu. Tazama chini ya sinki utaona bomba limekunjwa mfano wa herufi U. Mkunjo huo umewekwa kwa makusudi. Maji machache hubaki ndani yake na kuzuia harufu ya maji machafu isipande nyumbani. Wazo hili ni la zamani: mwaka 1775 Mskoti mmoja, Alexander Cumming, alipewa hati ya uvumbuzi kwa choo cha maji chenye bomba lililopindwa namna hiyo.

Lakini mahali maji yanapotulia, uchafu nao hutulia. Vinywele hushikana na mabaki ya sabuni vikafanya donge. Wanaotumia maji ya kisima yenye chokaa nyingi huona shida hii upesi zaidi, kwa sababu sabuni katika maji hayo huacha utando mzito. Ndevu hukua kama milimita 2 au 3 tu kwa juma, nazo zikikatwa huonekana si kitu. Hata hivyo, anayenyoa mara 3 kwa juma hunyoa zaidi ya mara 150 kwa mwaka. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki hujaa ndani ya bomba. Na kama mnaishi katika ploti ambayo jamaa kadhaa hutumia sinki moja, ikiziba mtakosana na majirani pia.

Namna ya kunyoa bila kuchafua sinki

1. Ndevu zikiwa ndefu, zipunguze kwanza kwa makasi zingali kavu. Tandika gazeti la zamani mapajani au juu ya sinki. Ukimaliza likunje pole pole, ulitupe katika pipa la taka.

2. Ukitumia mashine ya umeme, hakikisha sinki ni kavu, au uifunike kwa gazeti. Vinywele vikavu hupanguswa mara moja. Vikipata maji hung'ang'ania kando za sinki.

3. Ukitumia wembe, usiusuuzie chini ya mfereji. Weka maji katika bakuli au kopo kuukuu, usuuzie humo. Ukimaliza, mwaga maji hayo nje. Kama huna mahali pa kumwaga nje, yapitishe katika kitambaa kuukuu ili kizuie nywele, kisha uzitupe.

4. Kabla ya kufungua maji, pangusa sinki kwa karatasi ya chooni, kutoka ukingoni kushuka hadi kwenye tundu. Itupe karatasi hiyo katika pipa. Ndipo usuuze kwa maji.

5. Wembe uliokwisha makali ufunge katika karatasi ngumu, uutupe mahali ambapo watoto na mwenye kuzoa taka hawatakatwa.

Kazi hii yote haizidi dakika mbili. Shika kanuni moja, bwana: kunyoa hakujaisha mpaka sinki iwe safi kama ulivyoikuta. Wala usimwachie msichana wa kazi. Ndevu ni zako. Tena kijana wako anakutazama. Leo ana miaka minane, kesho atakuwa na ndevu zake na mke wake.

Nanyi akina mama, msifurahi mno. Nywele zinazotoka kichwani mkichana au mkifumua misuko huziba bomba la bafu haraka kuliko ndevu, kwa sababu ni ndefu. Ziokoteni kabla ya kumwaga maji.

Ikiwa imekwisha kuziba

Usikimbilie dawa kali kama kostiki soda, kwa maana huunguza ngozi na macho. Wala usichanganye dawa za kusafishia, kwa sababu nyingine zikikutana hutoa hewa ya sumu. Weka ndoo chini ya mkunjo wa bomba. Kama bomba ni la plastiki, mara nyingi pete zake hufunguka kwa mkono. Toa donge, osha, rudisha, kisha utazame kama panavuja. Ukiona huwezi, mwite fundi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ujira wa fundi ni mkubwa kuliko bei ya gazeti la zamani.

Namna ya kuambiana

Mama, usiseme jambo hili bwana akiwa mbioni kwenda kazini, wala mbele ya watoto au wakwe. Usiseme, "Wewe ni mchafu siku zote." Ngoja jioni mkiwa wawili, useme, "Baba watoto, nina neno dogo. Kila asubuhi ninapangusa ndevu katika sinki, na jambo hili linanichosha moyo. Naomba unisaidie." Akisahau siku moja, mkumbushe bila kuhesabu makosa ya zamani. Akianza kufanya, mshukuru.

Nawe bwana, ukiambiwa hivyo usijibu, "Hilo nalo ni jambo?" Kwake ni jambo, ndiyo sababu amelisema. Afadhali mke anayesema kuliko anayenyamaza miaka kumi. Mwambie, "Pole mama, sikuwa naliona." Kesho yake asubuhi, tandika gazeti.

Maswali ya kuzungumzia nyumbani

Kaeni wawili jioni moja juma hili, mjibizane bila hasira:

1. Ni kazi gani ninayokufanyia kila siku ambayo wewe huioni?

2. Ni jambo gani dogo ninalofanya ambalo umelivumilia kimya?

3. Tuanze na lipi juma hili?

Chagueni moja tu. Mkilishinda hilo, lingine litakuwa jepesi.