Malafyale Aliyegawa Nchi Akiwa Hai

Zikitajwa tawala za kale, wengi huwaza Misri, Roma au Buganda: majeshi, kodi, barabara za mfalme. Wakazi wa Makandana, chini ya mlima Rungwe, wamekaa juu ya historia ya namna nyingine, na inastahili kuulizwa kwa makini.

Je, Wanyakyusa, wenyeji wa Rungwe, walikuwa na dola moja?

Hapana. Hadi Wajerumani wanafika kulikuwa na tawala ndogo nyingi, kila moja na malafyale, yaani chifu, wake. Kule Ngonde, eneo la Karonga nchini Malawi, mtawala aliyeitwa Kyungu alijikusanyia nguvu kubwa zaidi kwa biashara ya pembe za ndovu. Lubaga, karibu na Tukuyu, alikaa Lwembe, aliyeheshimiwa na tawala nyingi kwa ibada za mvua na rutuba, si kwa mikuki. Masimulizi yanasema koo za watawala zilishuka kutoka milima ya Ukinga, zikaleta ng'ombe, chuma na moto.

Malafyale alitawalaje bila jeshi la kudumu?

Kwa kuwategemea wakuu wa vijiji, amafumu. Cheo chao hakikurithiwa na mtoto. Walichaguliwa miongoni mwa watu wa kawaida, na wachaguzi walikuwa wakuu waliowatangulia. Hao ndio waliomwambia malafyale ukweli. Watu waliamini pia kwamba kijiji kikimchukia mkosaji, pumzi ya wanakijiji humfikia kama baridi na kumwangusha kitandani. Malafyale naye hakuwa salama. Na aliyekuwa bahili wa nyama na pombe aliona watu wakihama na ng'ombe wao kwenda kwa jirani. Kwangu mimi uhuru huo wa kuhama ulimbana mtawala kuliko baraza lolote.

Ardhi iligawanywa vipi?

Hapa ndipo Rungwe inaposhangaza. Mvulana wa miaka kumi au kumi na mmoja aliacha kulala kwa baba. Yeye na wenzake wa rika walijenga vibanda vyao pembeni, lakini walilima mashamba ya baba zao na kula kwa mama zao, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Walipooa, kambi ile ikawa kijiji. Wakazi wake walikuwa marafiki waliokua pamoja, si ukoo mmoja. Kuishi vizuri na wenzako, kula, kunywa na kuzungumza nao, kuliitwa ukwangala, na kulihesabiwa miongoni mwa mambo makuu ya maisha.

Kizazi hicho kilipokomaa ilifanyika ubusoka, sherehe ya kuwakabidhi vijana utawala. Mioto ya zamani ilizimwa, ukapekechwa mpya. Nchi ikagawanywa kati ya wana wawili wa malafyale, na wazee wakasogea kuwapisha vijana. Baba alikabidhi angali hai, na haikutarajiwa aishi sana baada ya hapo. Monica Wilson, aliyefanya utafiti huku na mumewe Godfrey miaka ya 1930, aliyaandika haya katika kitabu cha 1951. Simon Charsley, mwaka 1969, alihoji kama mambo yalikwenda kwa utaratibu huo kila mahali. Nami nakubali kwamba vita na ugomvi wa ndugu vilichora mipaka mingi.

Watu walikula nini?

Udongo wa volkano na mvua nyingi viliwapa ndizi, maharage na ulezi. Majani yalifukiwa ndani ya matuta ili yaoze na kurutubisha shamba. Maziwa yalitoka kwa ng'ombe waliolala ndani ya nyumba. Majembe yaliletwa na Wakinga, wakarudi na chakula. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita mwaka 1879, aliisifia nchi hii kupita kiasi, na ukiona migomba ya Tukuyu baada ya mvua utamwelewa.

Nani aliumia katika mfumo huu?

Vijana na wasichana. Mahari ilikuwa ng'ombe, na ng'ombe walikuwa wa wazee, ambao waliongeza wake wakati vijana wakisubiri. Msichana aliolewa mapema, mara nyingi na mtu aliyemzidi sana umri. Anayeusifia utaratibu huu bila kulitaja hili hajautendea haki.

Mfumo huu uliishaje?

Kuna wanaodhani sheria ya 1963 iliyoondoa machifu Tanganyika ndiyo iliyouua. Ilikuta umekwisha kudhoofika. Wajerumani na baadaye Waingereza waliweka mipaka ya utawala, na malafyale akawa mtumishi wa boma asiyegawa nchi kwa wanawe. Kahawa ilifanya shamba liwe la kudumu: nani ahame na kuacha miti aliyoipanda kwa mikono yake? Kisha vijana walikwenda kwenye dhahabu ya Lupa, Chunya, na migodi ya kusini. Walirudi na fedha za kununua ng'ombe wao wenyewe, wakaoa bila kumngoja baba.