Somo la Udongo: Atomu Hugeukaje Kuwa Ioni?

Mkulima wa Theta, pengine unatia mbolea mibuni yako kila mwaka na bado mavuno hayaongezeki. Soma somo hili fupi kabla ya kununua gunia jingine, maana huenda fedha zako zinapotelea udongoni.

Kila kitu kimeumbwa kwa atomu. Katikati ya atomu mna kiini chenye umeme chanya, na kando yake mna elektroni zenye umeme hasi, zimepangwa kwa matabaka. Zile za tabaka la nje huitwa elektroni za valensi. Hizo ndizo zinazotolewa au kupokewa.

Tazama mbolea ya kloridi ya potasiamu. Atomu ya potasiamu ina elektroni 19: 2, 8, 8, na 1 nje. Hiyo 1 ikitolewa, umeme chanya wa kiini huzidi kwa 1. Sasa atomu imekuwa ioni chanya. Klorini ina elektroni 17: 2, 8 na 7. Huipokea ile 1, tabaka la nje likawa na 8, nayo ikawa ioni hasi. Kalsiamu hutoa 2, alumini hutoa 3. Mbolea ikiyeyuka, maji huzitenganisha ioni hizo.

Jambo hili lahusuje shamba? Chembe za mfinyanzi zina umeme hasi, na chanya na hasi huvutana. Basi ioni za potasiamu na kalsiamu hushikwa, mizizi ikazichukua polepole. Naitrati ni ioni hasi, haishikwi. Mvua kubwa huizamisha mbali na mizizi. Kwa hiyo mbolea ya naitrojeni itie kwa mafungu wakati wa mvua, si yote siku moja.

Tena, udongo wetu mwekundu una alumini nyingi. Asidi ikizidi, yaani pH ikishuka chini ya 5.5, ioni za alumini huyeyuka na kudumaza mizizi. Mbolea ya salfeti ya amonia ikitumiwa miaka mingi huongeza asidi hiyo. Chokaa huipunguza, lakini chokaa ikizidi nayo hudhuru. Usikisie: udongo upimwe kwanza. Kituo cha utafiti wa kahawa kipo hapo Ruiru, si mbali.

Jipime: Magnesiamu ina elektroni 12: 2, 8 na 2. Itatoa ngapi, na je, mfinyanzi utaishika?

Jibu: Itatoa 2, na itashikwa.