Kupanda mtumbwi Kasongo: mambo ya kujua kabla ya kufika ukingoni

Anayekuja Kasongo kwa ajili ya mto hushangaa kukuta mji usio na mto. Lualaba unapita magharibi, mwendo wa pikipiki kutoka katikati ya mji, na mahali pa kupakia panaitwa Kasongo-Rive. Patana nauli ya kwenda na kurudi kabla hujapanda, na umwombe kijana wa pikipiki akusubiri, kwa sababu jioni si rahisi kupata usafiri wa kurudi. Huko usitafute gati la zege. Utakuta ukingo wa udongo, mitumbwi ya gogo moja, boti za mbao zenye mashine, magunia ya mpunga, madumu ya mawese na baiskeli zinazongoja kuvushwa.

Jambo la kwanza ni ruhusa. Mgeni aanzie mjini, kwenye ofisi ya uhamiaji ambayo kila mtu anaiita DGM, kisha akifika mtoni aende kwa chefu wa kijiji. Chukua nakala kadhaa za kitambulisho au pasipoti, kwa sababu kila ofisi itataka yake. Kamera ibaki mfukoni mpaka uruhusiwe: bandari, madaraja na askari havipigwi picha nchini Kongo bila idhini, na ukikamatwa siku yako imekwisha.

Kupata mtumbwi ni kazi nyingine, na hapa historia ya mto huu inafundisha kuliko mshauri yeyote. Mpelelezi David Livingstone alifika Nyangwe, soko kubwa la ukingoni kaskazini-magharibi mwa Kasongo, mwezi Machi 1871. Alitaka mitumbwi ateremke na Lualaba ajue unakokwenda. Alikaa hadi Julai asipate hata mmoja. Wagenya, watu wa mto, hawakumwamini, maana walikuwa wameshaona wageni wengine wakija na bunduki na minyororo. Mpelelezi mwingine, Verney Lovett Cameron, akaja 1874, naye akashindwa, akageukia kusini hadi kutokea pwani ya Angola. Henry Morton Stanley alipita mwaka 1876, lakini yeye aliondoka Nyangwe akiwa na msafara mkubwa wa mfanyabiashara Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, aliyekuwa na makao yake Kasongo. Wenye mto hawakumkubali kwa hiari. Wengi walimpokea kwa mishale.

Kwa hiyo usiende ukingoni peke yako ukiwa na noti mkononi. Tafuta mwenyeji mjini, mtu wa parokia, wa msikiti au mwalimu, akupeleke kwa mwenye mtumbwi. Msalimie baba huyo, kaa, uulizwe ulikotoka na unakokwenda, ndipo mseme bei. Lipa kwa faranga za Kongo, noti ndogondogo, nusu sasa na nusu mkirudi. Mwenye mtumbwi aliyekujua kwa jina atakuambia ukweli kuhusu mto wa siku hiyo.

Ukweli huo unauhitaji. Toka Kasongo hadi Kibombo maji yanapitika, kiasi cha kilomita 100. Ukipanda juu kuelekea Kongolo kuna korongo ambalo Wabelgiji waliliita Portes d'Enfer, milango ya jehanamu, na chini ya Kibombo kuna maporomoko mpaka karibu na Kindu. Ndiyo maana wakoloni walijenga reli ya Kindu hadi Kongolo, kilomita 355, ili kuukwepa mto wenyewe. Mtu akikuuzia safari ya boti ya moja kwa moja mpaka Kindu, usimpe pesa.

Ondoka alfajiri, wakati upepo umetulia, na uwe umerudi kabla ya magharibi. Ajali nyingi za mito ya Kongo hutokana na kujaza kupita kiasi na kusafiri usiku, na hakuna haraka inayostahili hatari hiyo. Mtumbwi ukishapakiwa, tazama nafasi iliyobaki kati ya maji na ukingo wake. Ikiwa haizidi upana wa kiganja, shuka, hata kama umeshalipa. Njoo na jaketi lako la kuokolea maisha kutoka mjini. Kaa chini kabisa, usisimame kupiga picha, na usiinamie upande mmoja na wenzako. Simu na karatasi ziwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa. Kiangazi, kuanzia Juni hivi, barabara zinapitika vizuri zaidi, ila maji yakipungua miamba na mafungu ya mchanga hujitokeza. Mwachie mpiga kasia achague njia.

Nyangwe panahitaji muda na moyo uliotulia. Tarehe 15 Julai 1871, soko likiwa limejaa watu, wengi wao wanawake waliovuka na bidhaa zao, watu wa mfanyabiashara Mwarabu Dugumbe walianza kufyatua risasi. Watu wakakimbilia mitumbwi. Mitumbwi ikabanana kwenye kijito, mingine ikazama kwa uzito, waliojitupa majini wakachukuliwa na mkondo. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone aliyaona hayo kwa macho yake, na maandishi yake yalichochea shinikizo lililomfanya Sultani Barghash afunge soko la watumwa la Unguja mwezi Juni 1873.

Ukifika hapo, uliza wazee, na uulize pande zote: nyumba za waungwana zilizopokea Uislamu na Kiswahili kutoka kwa misafara ya wafanyabiashara hao, na nyumba za Wagenya. Simulizi zao hazilingani, na zote zinafaa kusikilizwa. Usimkatize mzee, usimwendee na majibu ya vitabuni. Ukirudi Kasongo, pita Tongoni, mji wa kale ambako watafiti wa mambo ya kale wamechimba, kisha ule wali. Mpunga wenyewe uliletwa na misafara hiyo hiyo.

Huenda ukataka kuendelea hadi Kabambare, ambako Livingstone alilala miezi kwa vidonda vya miguu mwaka 1870. Ulizia usalama kwanza, mjini na njiani, kwa sababu eneo hilo, hasa upande wa Salamabila, limesumbuliwa na vikundi vyenye silaha. Ukiambiwa subiri, subiri.

Na kama umerekodi sauti ya mzee wa mto, usiondoke nayo peke yako. Acha nakala kwake, na nyingine kwenye shule ya kijiji, ili watoto wa Nyangwe wasilazimike kusoma habari za ukingo wao katika vitabu vya wageni tu.