Mwalimu wa Chekechea Akiugua, Nani Anashika Darasa?

Chukua mfano wa mwalimu wa kituo kidogo cha elimu ya awali huko Timbwani, Likoni. Ameamka na homa, koo linamwasha na sauti imekauka. Darasani anangojewa na watoto 30 wa miaka minne, na mwalimu wa PP1 ni yeye peke yake. Akipiga simu kusema ni mgonjwa, watoto watarudishwa nyumbani, au watachanganywa na wenzao wa PP2 wawe 60 mbele ya mtu mmoja. Wazazi walishatoka alfajiri: huyu anawahi feri, yule anakwenda kununua samaki wa kukaanga, mwingine yuko kibaruani Kilindini. Basi mwalimu anameza dawa mbili za maumivu, anajitanda leso na kwenda kazini. Kufikia Ijumaa watoto sita wana homa ile ile.

Walimu wa Kisauni na Changamwe wataitambua hali hii bila kuelezwa. Mambo mengi yanayowaumiza wafanyakazi wa shule za awali, wakiwemo walezi wa watoto wachanga, wapishi na wasafishaji, yana chanzo kimoja: hakuna mtu wa pili wa kumpokea aliye kazini, hata kwa dakika kumi.

Kwa Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, elimu ya awali na vituo vya kulea watoto ni jukumu la serikali za kaunti. Lakini si kila mwalimu wa chekechea ameajiriwa na kaunti. Wengi wako katika vituo vya watu binafsi, vya misikiti na makanisa, na vya jamii vinavyoendeshwa na kamati ya wazazi. Huko mwajiri ni mwenye kituo, au ni kamati yenyewe. Kamati nyingi hazijioni kuwa waajiri, ingawa kisheria ndizo waajiri, na afya ya mwalimu akiwa kazini iko mikononi mwao.

Mwalimu aliye peke yake hujizoesha kutokunywa maji. Akinywa atahitaji kwenda msalani, na akienda msalani watoto 30 watabaki bila mtu. Msimu wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, chini ya paa la mabati, mazoea haya yana gharama. Mtu asiyekunywa maji ya kutosha na anayebana mkojo kwa saa nyingi hujiweka katika hatari ya maambukizi ya njia ya mkojo. Kichwa humuuma kufikia saa sita, na sauti hukauka. Baadhi ya walimu huchukulia mambo haya kuwa ndiyo kazi yenyewe, na hawayataji hata wakifika zahanati.

Dawa yake haihitaji bajeti kubwa. Saa nne, watoto wanapokunywa uji, mtu mzima wa pili anayejulikana na kamati huingia darasani na mwalimu hutoka kwa dakika 10 au 15. Anaweza kuwa mwalimu mkuu, mwalimu wa darasa la pili ambaye watoto wake wako nje na msaidizi, au mzazi aliyechaguliwa mkutanoni. Asiwe mpita njia, wala kijana wa jirani aliyeombwa kwa haraka, kwa sababu usalama wa watoto hauachwi mlangoni. Ratiba hiyo iandikwe. Ikibaki ya mdomo, wiki ya tatu huwa imekwisha kufa.

Sauti inahitaji neno lake, kwa sababu ndiyo jembe la mwalimu. Katika vituo vilivyo karibu na barabara ya Magongo, malori ya bandarini hupita mchana kutwa, na mwalimu hupaza sauti kushindana nayo. Badala ya kupiga kelele, walimu wazoefu hutumia makofi, kengele ndogo, wimbo mfupi ambao watoto wanaujua, au mkono uliopandishwa juu. Ubao ukifutwa kwa kitambaa kibichi, vumbi la chaki halimwingii kooni. Sauti iliyokwaruza ikizidi wiki tatu, apelekwe kwa daktari, asitegemee tangawizi peke yake.

Kiti nacho. Mwalimu akikaa kwenye kiti cha mtoto wa miaka minne muhula mzima, mgongo na magoti humwambia. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri aweke mahali pa kukaa panapomfaa mfanyakazi, maji safi ya kunywa, mahali pa kunawa na sanduku la huduma ya kwanza. Kiti kimoja cha mtu mzima hakiwezi kuishinda kamati iliyoweza kununua spika za mahafali.

Kuna pia magonjwa ya kuambukizana. Mlezi wa watoto wadogo hushika kamasi, matapishi na nepi siku nzima, na mafua, kuharisha, macho mekundu na upele humpata yeye kwanza. Kunawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, hata kama ni ndoo yenye bomba tu, ndiyo kinga kubwa kuliko zote. Kwa mwalimu mjamzito jambo hili ni zito zaidi. Rubela na tetekuwanga, ambayo kwa watoto kwa kawaida hupita, zinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Chanjo ya pamoja ya surua na rubela iliingizwa nchini Kenya mwaka wa 2016 kwa ajili ya watoto, kwa hiyo walimu wengi walio watu wazima leo hawakuipata utotoni. Chanjo hiyo haitolewi kwa mjamzito. Mwalimu anayetarajia kushika mimba aulize kliniki mapema, na aliye mjamzito akisikia kuna mtoto mwenye vipele darasani, amwone mhudumu wa afya siku hiyo hiyo.

Na kuna mbu. Wakaazi wa Mombasa hawajasahau mlipuko wa chikungunya wa mwishoni mwa 2017 na mwanzo wa 2018. Mbu wa ugonjwa huo na wa dengi huuma mchana, saa za shule hasa, na huzaana katika maji masafi yaliyotulia. Kwa vile mifereji ya bara haina uhakika, vituo huweka maji kwenye mapipa na mitungi, na pipa lisilofunikwa huwa kitalu cha mbu ndani ya ua wa shule. Maumivu ya viungo ya chikungunya yanaweza kudumu wiki nyingi, hata miezi. Kwa mwalimu ambaye kazi yake ni kuketi mkekani na kuinuka mara 40 kwa siku, hiyo si homa ndogo. Mapipa yafunikwe, na yasuguliwe ndani mara moja kwa wiki.

Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kwamba mfanyakazi aliyetumikia miezi miwili mfululizo ana haki ya likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 7 kwa mshahara kamili, kisha siku 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12. Atahitaji cheti cha daktari. Mwalimu aliyejifungua ana miezi 3 ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili. Akirudi, Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri aweke mahali pa kunyonyesha, na ampe muda wa kunyonyesha usiozidi saa moja katika kila saa nane za kazi, mbali na mapumziko ya kawaida. Haki hizi ni za aliyeajiriwa na kituo cha vyumba viwili Mwakirunge sawa na za aliyeajiriwa na kampuni kubwa. Tena ni ajabu kwamba katika baadhi ya vituo mwanamke hulea watoto wachanga wa wenziwe kutwa, na wake mwenyewe amemwacha kwa jirani.

Hata hivyo, sheria inampa mwalimu siku za kuugua, haimpi mtu wa kushika darasa. Siku hizo hubaki kwenye karatasi ikiwa hakuna wa kumpokea. Mitaani mwa Likoni, Kisauni na Changamwe wako waliosomea ualimu wa chekechea wakapata vyeti na sasa wako nyumbani au wanauza duka. Vituo vitatu au vinne vya wadi moja vinaweza kukubaliana juu ya majina mawili ya watu kama hao, wachunguzwe na kamati, watembelee madarasa ili watoto wawajue sura, kisha waitwe na kulipwa kwa siku. Hesabu yake si ya kutisha. Kituo cha watoto 60 kikitenga shilingi 10 za kila mtoto kwa mwezi kinapata shilingi 600. Kwa miezi tisa ya masomo ni shilingi 5,400. Kama malipo ya siku ni shilingi 600, hizo ni siku tisa ambazo mwalimu anaweza kulala kitandani akiugua bila darasa kufungwa. Katika vituo vya kaunti mwalimu mkuu hatoi pesa za wazazi. Anapeleka taarifa mapema kwa afisa wa elimu ya awali wa kaunti ndogo, na taarifa ya asubuhi ya saa moja haisaidii kama ile ya jana jioni.

Mombasa ina historia ya kujifunzia katika jambo hili. Mnamo 1986, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, Bi Swafiya Said alianzisha hapa shule ya awali ya kwanza ya mpango wa Madrasa, uliounganisha mafunzo ya dini na malezi ya kisasa ya watoto wadogo. Baadaye mpango ulivuka hadi Zanzibar na Uganda. Walimu wake walikuwa wanawake wa mitaa ile ile. Hawakupewa semina moja na kuachwa: wakufunzi waliwafuata madarasani mara kwa mara, wakakaa nao, wakazungumza nao kuhusu yaliyowashinda. Kamati za wazazi nazo zilifunzwa. Tatizo lililobaki likisumbua lilikuwa mshahara, na ndipo shule za jamii zilipowekewa mfuko mdogo wa akiba ambao faida yake ilisaidia matumizi, mishahara ikiwemo. Waliobuni mpango ule walikwisha kuona kwamba mwalimu mwenye mwenzake wa kumsikiliza na mshahara wa kutegemea hukaa, na asiye navyo huondoka, hata awe anawapenda watoto kiasi gani.

Ulimwengu nao ulifika hapo. Mwezi wa Novemba 2013 wataalamu wa serikali, waajiri na wafanyakazi walikutana Geneva chini ya Shirika la Kazi Duniani na kukubaliana juu ya miongozo ya kazi yenye staha kwa walimu wa watoto wadogo. Mojawapo ya mambo yaliyomo ni kwamba mwalimu wa chekechea mwenye sifa sawa na wa shule ya msingi hastahili kulipwa kama msaidizi wake.

Mshahara unaochelewa ni jambo la afya, si la mfuko tu. Mwalimu ambaye hajalipwa hupunguza mlo wake kwanza, kisha huacha kulipia bima. Tangu Oktoba 2024 bima hiyo ni ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, na mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara, kiwango cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi. Kwa anayelipwa shilingi 8,000, asilimia hiyo ni shilingi 220, kwa hiyo anakatwa 300. Kujisajili ni kwa kupiga *147#. Aliyejisajili hupata huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya vya umma bila malipo, na hili walimu wengi hawajalitumia. Akiumia kazini, mathalani ameanguka kwenye ngazi akiwa amembeba mtoto, au mpishi ameungua na sufuria ya uji, madai yake ni chini ya Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007. Amwarifu mwajiri mara moja na adai kabla miezi 12 haijapita.

Mzigo wa moyo hauonekani kwenye rejista. Mwalimu wa chekechea ndiye huona kwanza mtoto aliyekuja bila kula, mwenye alama za kupigwa, au aliyeacha kuzungumza. Hubeba habari hizo hadi nyumbani. Akishuku mtoto anadhulumiwa, nambari ya bure ni 116. Yeye mwenyewe akikosa usingizi kwa wiki mbili, akilia bila sababu au akiona hawezi kuvumilia sauti za watoto, anaweza kupiga 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu, bila malipo, au kufika Hospitali ya Port Reitz, Changamwe, yenye kitengo cha afya ya akili. Kuona haya kuingia huko kumewachelewesha wengi.

Katika mkutano wa wazazi wa mwanzo wa muhula, ajenda huwa karo, uji na sare. Mzazi yeyote anaweza kuomba liongezwe swali moja: mwalimu akiugua kesho, nani atashika darasa? Jibu liandikwe kwa jina na nambari ya simu, kisha libandikwe nyuma ya mlango wa ofisi.